Mvua ya Kutega

Afande alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki, mfuko wa nguo za mtoto mapajani, na bado anatoa amri.

"Simu isizimwe. Isihamishwe. Ikilia, iacheni ilie."

"Tumesikia," alisema Gundi, mshona viatu, bila kuinua uso kutoka kwenye soli.

"Ufunguo wa geti?"

"Uko ndani ya kiatu cha mwalimu. Hana haraka nacho."

"Na Fundi asiichezee."

"Nenda, bwana," alisema Fundi Chaji, ambaye hutengeneza simu kwenye kibanda kilichoegemea cha Gundi. "Mtoto ataanza shule hujamwona."

Pikipiki ikaondoka. Afande aligeuka nyuma akainyooshea kidole simu yake, iliyolala juu ya kasha la Gundi kati ya brashi na kopo la rangi nyeusi. Akaendelea kuinyooshea kidole hadi kona ikamficha.

Afande ndiye mlinzi wa mchana wa ghala la magodoro, lile lenye geti la bluu mwisho wa mtaa wetu. Askari hajawahi kuwa. Jina tulimpa kwa sababu ya filimbi. Mkewe alikwenda kujifungulia kwa mama yake, nyuma ya milima, ambako mtandao haujafika, na habari ilimjia Afande kwa mdomo wa dereva wa lori: mtoto kazaliwa, wa kike, mama mzima. Afande akaomba ruhusa ya siku moja. Bosi akamjibu kwa meseji: "Kwani wewe ndiye uliyejifungua?"

Bosi huyo alikuwa na utaratibu wake. Kila saa mlinzi amtumie meseji kuonyesha yupo na yuko macho. Saa ikipita kimya, kazi huna. Aliyemtangulia Afande alikwenda haja akiwa mlinzi, akarudi si mlinzi.

Basi jioni ya jana yake Fundi Chaji alimfundisha kutega. Unaandika meseji leo, unaiambia simu iitume kesho, kwa saa uitakayo wewe, kama mtu anavyotega saa ya kumwamsha. Ila simu lazima iwe mahali penye mtandao, na ndiyo maana ilibaki nasi. Tulikaa wote benchini tukamsaidia Afande kuiandika siku ya kesho kabla haijafika.

Yeye alitaka kuandika "Hali shwari" kila saa, basi. Mheshimiwa akakataa. Mheshimiwa ni kinyozi wetu. Hajawahi kugombea cheo chochote, lakini hanyoi kidevu bila hotuba.

"Shwari mfululizo ni uongo unaojitangaza," alisema. "Hakuna ghala duniani, hakuna ndoa, hakuna serikali iliyo shwari asubuhi mpaka jioni. Weka kajambo. Weka paka."

Tukaweka paka. Tukaweka gari lililogeuzia getini. Shangazi, mwenye birika la chai ambaye kila mtu humwita hivyo hata wanaomzidi umri, aliomba iandikwe pia kwamba mlinzi kanywa chai akapata nguvu. Mwisho Mheshimiwa akasema weka na mvua kidogo, maana hali ya hewa humfanya mtu aaminike. Tukaweka mvua.

Sasa Afande kaondoka, sisi tunaikodolea macho simu. Haikutuchelewesha. Iliwaka yenyewe, ikatetemeka juu ya kasha, ikasogea kidogo kuelekea kwenye nyundo. Fundi Chaji aliinama akasoma: "Bosi, nimefika kazini. Hali shwari."

"Imekwenda?" aliuliza Gundi.

"Imekwenda."

"Bila mtu?"

"Mtu wa nini?"

Shangazi alimimina chai taratibu. "Mimi nimeishi na mume aliyekuwa akisema yuko kazini na hayuko. Miaka yote nilidhani ni uongo. Kumbe ni ufundi."

"Swali langu ni moja," alisema Gundi. "Jana meseji imeandikwa. Leo imekwenda. Usiku ililala wapi?"

"Ndani ya simu," alisema Fundi.

"Ndani wapi? Wewe simu umezifungua mbele yangu kama samaki. Sijaona chumba humo."

"Haihitaji chumba, Gundi. Ni kama wazo."

"Wazo la nani? Afande amelala, simu imelala, wazo linakesha peke yake?"

"Nilisikia zinalala kwenye mnara," nilisema mimi, ambaye hapa naitwa Kiguu kwa kuwa sikai mahali. "Mji mmoja nilioupitia, mnara ulipigwa na radi, watu wakapata salamu za miezi ya nyuma zote asubuhi moja. Mtu akapongezwa kwa ndoa aliyokwisha kuivunja."

"Mzee Kiguu, wewe kila uongo wako una mji wake," alisema Fundi.

Bosi alijibu. Simu ikatetemeka kidogo, Fundi akasoma: "Sawa. Kaza macho."

"Anamwambia nani?" Gundi akauliza.

"Anaiambia simu."

"Basi ikaze."

Hapo ndipo Mheshimiwa alipotoka kwenye kibanda chake cha kunyolea na gazeti mkononi. Nyuma yake, mlangoni, mteja alikuwa amekaa na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande wa kulia tu. Mteja hakulalamika. Wote wa Mheshimiwa wameshazoea.

"Wananchi," alisema Mheshimiwa. "Sikilizeni mambo ya dunia. Mkubwa mmoja wa nchi ya mbali ametuma pongezi kwa timu ya taifa kwa ushindi wa kishindo. Pongezi zimefika, wachezaji bado wanafunga kamba za viatu. Kumbe ofisi yake ilikuwa imezitega mapema."

"Halafu?"

"Halafu wakafungwa."

"Ofisi inasemaje?" aliuliza Shangazi.

Mheshimiwa alilisogeza gazeti mbali na macho. "Ofisi inasema pongezi zilikuwa sahihi na zilitoka kwa wakati. Mechi ndiyo iliyochelewa."

"Hiyo ofisi ina watu," alisema Fundi kwa heshima.

"Mimi siwalaumu," alisema Mheshimiwa. "Mkubwa ana mambo mengi. Kama pole anaweza kuzitega, kwa nini pongezi asizitege? Zamani mtu alisubiri jambo litokee ndipo aseme. Ni kupoteza muda."

"Mimi nalaumu," alisema Gundi. "Aliyeshinda ninampongeza akishinda. Kiatu sikishoni kabla hakijachanika."

"Ndiyo maana una foleni."

"Foleni ya viatu vilivyochanika kweli. Wewe mwenyewe una mtu huko nusu kichwa."

Mheshimiwa aligeuka akamtazama mteja wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Yule nimemtega," alisema.

Asubuhi iliendelea hivyo. Simu ilitetemeka kwa saa zake, nasi tukawa tunanyamaza kila inapotetemeka, kama watu waliosikia mgonjwa akikohoa chumba cha pili. Paka aliingia ghalani akafukuzwa. Gari likageuzia getini likaenda zake. Bosi alijibu "Sawa" kwa paka, akajibu "Sawa" kwa gari. Mlinzi alipokunywa chai, hakujibu kitu.

"Ana roho mbaya," alisema Shangazi. "Chai tu."

Kisha ikaja ile nyingine. Fundi aliisoma polepole kuliko zilizotangulia: "Bosi, mvua kidogo imenyesha hapa. Nimevumilia. Shwari."

Sote tukatazama juu. Jua lilikuwa linachoma hadi rangi ya kopo la Gundi ilianza kutoa harufu. Mbingu haikuwa hata na wingu la kusingiziwa.

Jibu lilikuja upesi kuliko yote. "Mvua gani? Huku jua."

"Msijibu," alisema Gundi. "Mwenyewe kasema iacheni ilie."

"Kimya ni hatia," alisema Mheshimiwa, na simu ilikuwa tayari mkononi mwake. "Jibu fupi la kiungwana linamaliza kila kitu. 'Bosi, ilikuwa mvua ya upande mmoja.'" Akatuma.

"Upande mmoja ndiyo nini?" Shangazi akauliza.

"Siku hizi mvua inabagua. Jambo linalojulikana."

Bosi akaandika: "Upande upi? Wa bati bovu?"

Tukatazamana. "Kuna bati bovu?" aliuliza Mheshimiwa.

"Lipo," alisema Gundi. "Afande amelilalamikia tangu mvua zilizopita. Mlikuwa hapa hapa. Mlikuwa mnazungumza."

Simu ikatetemeka tena mkononi mwa Mheshimiwa, naye akaiweka chini kama chungu cha moto. Tuliisoma bila kuigusa.

"Magodoro yamelowa? Nakuja."

Gundi aliweka nyundo chini. Sikuwahi kumwona akiiweka chini mchana.

"Watu watano na akili zetu," alisema Shangazi, "tumekaa tukainyeshea mvua ghala la magodoro."

"Nilisema kajambo," alisema Mheshimiwa. "Sikusema gharika."

"Yule binti hata jina hajapewa, na baba yake anafukuzwa kazi kwa mvua yako wewe, kinyozi."

"Tumwambie bosi ukweli," alisema Gundi.

"Ukweli upi?" alisema Fundi. "Kwamba mvua haikunyesha, au kwamba mlinzi hayupo, au kwamba anayezungumza naye ni Mheshimiwa? Ukitoa mmoja wanatoka wote."

"Basi zizime hizo zilizobaki."

Fundi alijikuna shingo. "Naogopa kuzigusa. Hii simu ni ya zamani. Unaweza kufuta moja, zote zikatoka kwa pamoja kama kuku wakifunguliwa banda. Bosi apate jioni nzima saa hii."

"Si ulisema ni wazo tu?"

"Nilisema."

Shangazi ndiye aliyekata shauri. Bosi hakuwahi kukaa na Afande uso kwa uso. Alimwajiri kwa simu, kupitia kwa shemeji wa mtu, na akipita hupita ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Sura ya mlinzi haijui. Anajua koti. Na koti lilikuwa limetundikwa kwenye kibanda cha mlinzi, ndani ya geti. "Mheshimiwa," alisema, "mvua ni yako, kalowe."

"Nina mteja."

"Umemtega. Nenda."

"Na nikiulizwa neno?"

"Jibu 'Ndiyo, bosi.' Maneno mawili. Ukifikisha matatu tumekwisha sote."

Ikabaki mvua yenyewe. Shangazi alikuwa na ndoo ya maji aliyooshea vikombe tangu alfajiri. Nilipewa mimi niibebe, kwa hoja kwamba miguu yangu imezoea. Mheshimiwa alitangulia na ufunguo, amevaa uso wa mtu anayekwenda kuapishwa. Alipolivaa koti la Afande, mikono ilimfunika hadi vidole. Mimi nikaanza kumwaga mbele ya geti.

"Tawanya, mzee," alininong'oneza. "Mvua haiangukii mahali pamoja namna hiyo."

"Umesema ya upande mmoja."

"Tawanya."

Nikatawanya. Palikuwa na povu kidogo la sabuni, na majani ya chai yalibaki juu ya vumbi.

Gari lilifika nikiwa na ndoo tupu mkononi. Bosi alishuka. Nilitarajia mtu mkubwa, kumbe ni mfupi, mpole, anafuta miwani kwa ncha ya shati. Alitazama juu. Alitazama chini. Alisogeza jani la chai kwa ncha ya kiatu.

"Ilinyesha hapa tu," alisema.

"Ndiyo, bosi," alisema Mheshimiwa.

"Na huyu?"

"Napita," nilisema, na kwa kweli ndivyo nilivyoishi.

Aliingia ghalani, Mheshimiwa nyuma yake, mimi nikasimama getini maana kuondoka haraka kungeonekana. Niliwasikia wakipapasa magodoro. Yote makavu, yale ya chini ya bati bovu nayo makavu. Walipotoka, bosi alikuwa mtu mwingine. Alimgusa Mheshimiwa bega la koti.

"Umeyalinda. Mwingine angekimbilia kujikinga."

"Ndiyo, bosi."

Jambo lilikuwa limekwisha. Bosi ameshika mlango wa gari. Mheshimiwa amepiga saluti, mkono wa kulia kwenye paji la uso, wa kushoto umeshika kirungu. Simu ya bosi ikalia mfukoni. Akaitoa, akasoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, na sauti yake haikubadilika.

"'Bosi, hali shwari. Tangu asubuhi hajafika mtu hapa getini.'"

Alimtazama Mheshimiwa. Alitazama mkono uliopiga saluti, akatazama ulioshika kirungu.

"Umeiandika kwa mkono upi?"

Mheshimiwa huyu alishamnyoa mtu msibani akatoa hotuba ndefu kuliko ya kiongozi wa dini. Pale alishusha mkono wa saluti.

"Mimi ni kinyozi," alisema.

Tulirudi benchini watatu. Hakuna aliyemwambia bosi akae, ila alikaa, mahali pa Afande pale pale, mbele ya kasha lenye simu. Shangazi alimpa chai na hakumficha kitu: mke, mtoto, milima, ruhusa aliyonyimwa.

"Hakunieleza kwamba ni mtoto wa kwanza," alisema bosi.

"Ulimuuliza kama yeye ndiye aliyejifungua."

"Nilikuwa natania."

"Yeye alidhani umejibu."

Bosi alikunywa chai. Nilimwona anafikiri, na nikadhani anafikiri kuhusu mtoto. Gundi naye alidhani hivyo, maana alisema kwa upole, "Mfukuze kinyozi, baba. Yeye ndiye aliyeleta mvua. Afande atakuwa hapa kesho asubuhi."

Saa nyingine ikatimia tukiwa bado tumekaa. Simu ya Afande ikawaka juu ya kasha, ikatetemeka, ikasogea. Mara ile ile mfuko wa bosi ukalia. Alitoa simu yake, akailinganisha na ile ya kwenye kasha, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Shangazi alinieleza baadaye kwamba ndipo alipojua kazi ya Afande imekwenda, kwa sababu mwenye hasira hatabasamu vile.

"Hii," bosi alimwuliza Fundi Chaji, "inaweza kutegwa hadi lini? Mwezi?"

"Hata mwaka," alisema Fundi. Aliulizwa jambo la kazi yake na mtu mwenye gari. Gundi alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Na paka wakaingia kila siku tofauti?"

Kichwa cha Fundi kilikuwa kinakubali chenyewe.

"Watu wa bima," bosi alitueleza, kama mtu anayewaeleza ndugu, "wanataka kila saa waone ujumbe kwamba mlinzi yupo. Mimi hupokea hizi, nawapelekea hizi hizi. Hawajaomba hata siku moja kumwona mlinzi." Akamrudishia Shangazi kikombe, akamshukuru, akasema chai ilikuwa nzuri. "Mvua ndiyo isiwekwe," alimwambia Fundi.

Afande alirudi kesho yake asubuhi na pikipiki ile ile. Gundi alimpa habari, kwa kuwa benchi ni lake. Afande alichukua simu yake, akakaa, akazisoma zote tangu "nimefika kazini" hadi ya jioni: paka, gari, chai, mvua. Alisoma taratibu kama anayesoma mambo ya jirani.

"Siku yangu ilikuwa nzuri," alisema. Kisha akatueleza mtoto anafanana na nani.

Fundi Chaji alipata kazi ya kuandika shwari za bosi, kwenye simu nyingine. Alizitega mwezi kwa mwezi, na alikuja kuwa fundi wa maneno hasa. Paka wake walikuwa na tabia, mmoja alizaa. Siku moja mchana kweupe lilikuja lori mbele ya geti la bluu, watu wenye adabu wakashuka, wakakata kufuli, wakaanza kupakia magodoro. Walisema ghala linahamishwa. Hapakuwa na mlinzi wa kumuuliza. Gundi aliwaazima kamba. Mimi mwenyewe nilishika upande mmoja wa godoro la watu wawili, maana lilikuwa linaburuzika. Simu ilituma shwari kabla ya lori, ikatuma wakati wa lori, ikatuma baada ya lori.

Bosi alikwenda kudai bima. Walimwonyesha meseji zake. Kwa mujibu wake mwenyewe, siku ile hakikutokea kitu. Ghala sasa linahifadhi mbao za mtu mwingine, naye ana mbwa. Bosi aliuza gari. Fundi alirudi kwenye betri na vioo, na akiulizwa jambo la kazi yake hutazama kwanza miguu ya Gundi iko wapi. Mheshimiwa bado ananyoa. Mteja wa nusu kichwa alimsubiri siku ile mpaka mwisho, akamaliziwa bila hotuba, na hakurudi tena. Inasemekana alikosa ladha. Shangazi amebadilisha birika.

Afande alikaa mjini muda mfupi akitafuta geti lingine, hakupata, akahamia kwa mkewe nyuma ya milima. Anachoma matofali kwenye tanuri la mjomba wa mkewe. Amekuja mara moja, na mtoto mabegani, kushonesha viatu. Mtoto ameota meno na alimuuma Mheshimiwa kidole. Tulimuuliza Afande kama atarudi huku. Alisema kule kazi huanza jua likitoka, na anayetaka kujua kama upo huja kuangalia. Gundi alimaliza viatu, Afande akavivaa, wakaondoka na lori la mchana.